Tope Chini ya Chumvi

Veronika, mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana nakusikia upande wa pili wa ukuta ukikunja nguo na kuzikunjua tena. Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari: shuka mbili, sabuni, cheti ukiweke ndani ya Biblia kisikunjike, kwenye gari ukae mbele vumbi lisikumalize. Katika hayo mimi sina la kuongeza. Kilichonikalisha hapa na kalamu, jua halijazama, ni jambo jingine. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza nilikukuta unachambua maharage, nikaishia kuuliza kama mvua ilifika kwa jirani. Mara ya pili na ya tatu sikufika hata mlangoni.

Kesho mchana utakuwa Babati, kwa shangazi yako Emiliana. Umemwona mara moja tu maishani, siku ya maziko ya bibi yako, ulipokuwa na miaka sita. Umeniuliza mara nyingi kwa nini dada yangu wa pekee, wa tumbo moja, haji hapa Bashay hata Krismasi. Nikakujibu kwamba ana mgahawa, na tangu mkoa ukatwe na Babati kuwa makao makuu, makarani wa huko wanakula sana, hapati nafasi. Ukacheka. Unachojua juu yake ni kile anachosema kila mtu wa ukoo wetu: kwamba alipokuwa msichana alifukuzwa kazi Katesh kwa kuiba chumvi.

Hakuiba. Chumvi niliiba mimi.

Nimeandika, nikainuka, nikaenda nje kumwangalia ndama ambaye hana shida yoyote. Nimerudi, maneno bado yapo kwenye karatasi. Basi niendelee.

Ilikuwa kabla hujazaliwa. Sisi tulikuwa bado watu wa mkoa wa Arusha, na biashara ilikuwa imefunguliwa. Mtu aliyekuwa na lori moja aliweza kuleta kitu chochote kutoka popote. Pale Katesh kulikuwa na Mzee Ramadhani, mtu ambaye wazee wake walitoka Kondoa, mwenye duka la vitenge, mabati, misumari na mafuta ya taa. Mimi niliajiriwa kwake kupakua mizigo. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amechimba kisima. Maji yalikuwa mengi, lakini yalikuwa magumu, ya kuudhi kabisa. Sabuni haikutoa povu. Birika lilijenga ukoko mweupe ndani mpaka likawa zito tupu. Hita ya bafuni ilikuwa imeziba mara mbili, na mafundi wameifungua wakakuta bomba limejaa kitu kama chokaa.

Wataalamu wa kigeni waliokuwa kwenye mashamba ya ngano walikuwa wanaondoka siku hizo, na walikuwa wanauza vitu vya nyumbani. Mzee akanunua kwao mashine ya kulainisha maji. Ilikuwa na mtungi mrefu uliojaa punje ndogo, kama mayai ya samaki, ambazo hunasa ule ugumu wa maji yanapopita. Pembeni kulikuwa na tangi la plastiki, refu kunifika kiunoni, la kuwekea chumvi. Punje zikichoka, mashine yenyewe huvuta maji ya chumvi kutoka kwenye tangi na kuziosha, halafu huingiza maji mengine kwenye tangi mpaka boya lipande na kuyafunga. Basi. Hakuna uchawi. Inachotaka ni chumvi safi na tangi safi.

Fundi aliyekuja kuifunga alitoka Arusha mjini. Mimi ndiye niliyemshikia spana siku nzima, nikamuuliza maswali mengi, na alipomaliza Mzee Ramadhani akasema mbele ya wote, "Bura, hii sasa iko mikononi mwako." Fundi akanivuta mpaka kwenye tangi, akafungua kifuniko.

"Hili usiliamini kwa kulitazama juu," akaniambia. "Juu utaona chumvi nyeupe na utaridhika. Chini hujui kuna nini. Chukua mti, uchomeke taratibu mpaka usikie sakafu, kwa sababu chumvi hushikana ikafanya ganda, na chini yake pakawa patupu. Na kila baada ya miezi mitatu, funga maji, toa chumvi yote, sugua sakafu na kuta kwa brashi na maji ya uvuguvugu, toa boya ulioshe, suuza, ndipo urudishe chumvi. Ni kazi ya asubuhi moja."

Asubuhi moja kwa miezi mitatu. Nataka ulione hilo, kwa sababu nimelitafakari miaka mingi. Sikupewa kazi ngumu.

Miezi ya mwanzo niliifanya kama ibada. Niliingiza mkono mpaka begani, nikasugua kona zote, na Mama Saidi, mke wa mzee, akaja na kikombe cha chai akasema nguo zake zimerudia rangi. Nilikuwa kijana wa Bashay, wa darasa la saba, na sasa watu wa Katesh walikuwa wananiita fundi. Nikaanza kutembea kama fundi. Nilinunua kofia.

Hapo ndipo nilipompata mama yako. Kwao ni Gitting, unajua, na unamjua babu yako wa huko alivyo mgumu wa kusifu mtu. Nilikwenda kwao mara ya kwanza na kilo ya sukari, akaniambia asante kama mtu anayeambiwa habari za hali ya hewa. Nikarudi Katesh nikijiona mdogo. Chumvi ya mashine ilikuwa inaletwa na lori kwenye mifuko, chumvi ya punje kubwa, nyeupe, inayong'aa. Huku kwetu wakati ule mtu alizoea ile chumvi ya kutoka Ziwa Balangida, ya rangi ya udongo, tunayolambisha ng'ombe. Safari iliyofuata nilibeba mfuko mmoja wa mzee begani mpaka Gitting. Babu yako aliuchoma kwa kisu, akamimina kiganjani, akawaita ndugu zake waje kuona. "Mkwe wetu anakaa na watu wakubwa," akasema.

Niliposikia hivyo, Veronika, sikuweza kuacha. Nilipeleka wa pili, na wa tatu. Na kila nilipotoa mfuko mweupe kwenye stoo ya mzee, nilipitia Gehandu kwa watu waliokuwa wanakusanya chumvi ya ziwani, nikachukua ya kujazia tangi. Nilitandaza nyeupe kidogo juu. Ukifungua kifuniko unaona theluji. Chini ilikuwa ni magadi na mchanga na udongo.

Na kwa kuwa sasa kulisafisha tangi kulikuwa ni kufukua uongo wangu kwa mikono yangu mwenyewe, niliacha kulisafisha. Mzee alikuwa akiuliza akitoka msikitini, kwa upole tu, kama anavyouliza habari za nyumbani.

"Bura, tangi umelisafisha?"

"Nimelisafisha, mzee."

Mara ya kwanza nilisikia masikio yanawaka. Mara ya tano sikusikia kitu. Hilo la mara ya tano ndilo linalonitisha hata leo.

Emiliana alikuwa amekuja Katesh mwaka huo. Mimi ndiye niliyemwombea kazi za ndani kwa Mama Saidi, na bibi yako alipomkabidhi kwangu alisema neno moja tu, "Mchunge." Alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, mkimya, anafanya kazi kama anayekimbizana na mtu. Yeye ndiye aliyekuwa anafua, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua. Siku moja alinifuata nyuma ya nyumba, mikono ina mapovu machache ya kijivu.

"Kaka, maji yamerudi kama zamani. Nguo hazitakati."

"Ongeza sabuni."

"Na ile chumvi nimeiona ulipokuwa unaimimina. Ina rangi ya udongo. Kaka, si ile."

"Wewe umeletwa kufua," nikamwambia. "Fua."

Akarudi kufua. Hakumwambia mtu. Angeweza kumwambia Mama Saidi siku ile ile, na leo nisingekuwa naandika barua hii. Alininyamazia kwa kuwa nilikuwa kaka yake mkubwa.

Chumba cha mashine kilipakana na stoo, ukuta mmoja, na chini ya mlango kulikuwa na nafasi ya kupita maji. Mwezi huo mzee alikuwa anamwoza binti yake, Mwanaidi, kwa kijana wa Singida. Vitu vyote vya bibi harusi viliwekwa mle stoo: magodoro mawili, mapazia, mashuka aliyoyatarizi mwenyewe Mwanaidi kwa miaka miwili, khanga zimefungwa doti doti, gauni likiwa kwenye sanduku la kadibodi sakafuni. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano asubuhi nilipofika kazini nilimsikia Mama Saidi kabla sijafungua geti.

Maji yalikuwa yamejaa stoo nzima, ya rangi ya kahawia. Yalikuwa maji ya chumvi, yale yasiyokauka yakaisha. Hukauka na kuacha ukoko. Magodoro yalikuwa yamekunywa mpaka juu. Rangi za khanga zilikuwa zimeingia kwenye mashuka. Mwanaidi alikuwa amepiga magoti katikati, ameshika gauni lake kwa ncha za vidole, halii, analitazama tu. Nilijua papo hapo kilichotokea. Tope la chumvi ya ziwani lilikuwa limejaa chini mpaka likalishika boya, boya halikupanda, na maji hayakufungwa. Yaliingia na kuingia mpaka tangi likafurika.

Mzee Ramadhani alitoka chumba cha mashine na mguu wa suruali umelowa. Hakupiga kelele.

"Bura. Hiki ni nini?"

Emiliana alikuwa amesimama mlangoni na ndoo na tambara, alikuwa amekwisha kuanza kukausha. Nilimwona. Na mdomo wangu ukasema, kabla sijauambia, au ndivyo nilivyojidanganya baadaye, maana mdomo hausemi peke yake:

"Mzee, jana jioni nilimkuta Emiliana anachota chumvi humu. Nilimgombeza. Nadhani amekuwa akiichukua muda, anajazia na ya ziwani. Atakuwa ameligusa boya."

Yote. Niliyatoa yote kwa mpango, mwanangu, hata ya ziwani, kwa sababu nilijua wakifungua tangi wataikuta.

Mama Saidi akamgeukia. "Emiliana, ni kweli?"

Alinitazama mimi, si Mama Saidi. Muda ule nilikuwa bado ninaweza. Ningesema tu, hapana, mama, nimekosea. Nilikaza macho nikaangalia sanduku la kadibodi. Emiliana akaweka ndoo chini, akakamua tambara, akalitundika kwenye ukingo wa ndoo vizuri, akasema, "Kama kaka amesema."

Aliondoka saa nne na lori lililokuwa linapeleka mabati Mbulu. Hakuruhusiwa kuchukua mshahara wa mwezi, na hakuuomba. Nilikuwa nyuma ya nyumba wakati lori linawashwa.

Nilikuwa nasafisha tangi. Mzee aliniamuru, na yeye mwenyewe akasimama mlangoni kunitazama. Nilifunga maji, nikachota chumvi kwa bakuli, nikafika kwenye tope. Lilikuwa limefika kwenye kiwiko changu. Boya lilikuwa limekwama humo kama mguu wa ng'ombe mtoni, nikalivuta likatoka na sauti. Nilisugua tangi lile kuliko siku zote. Niliosha boya, nikachokonoa kitundu cha bomba lake kwa unyoya wa kuku, nikasuuza mara tatu, nikarudisha chumvi nyeupe tupu. Nilipomaliza, Mzee Ramadhani akaweka mkono wake begani kwangu.

"Najua si rahisi kumsema dada yako," akaniambia. "Umefanya kazi ya mtu mwaminifu."

Nilikaa kwake miaka minane baada ya hapo. Katika miaka hiyo haukupita mwezi bila tangi lile kusuguliwa. Fundi alisema miezi mitatu, mimi nilisafisha kila mwezi. Watu walinitolea mfano. Nilidhani nikilisafisha sana, kitu fulani kitasafika. Hakikusafika kitu zaidi ya tangi.

Sasa usikie kilichompata dada yangu, kwa sababu mimi nilioa, nikajenga, nikakupata wewe na wadogo zako. Habari ilifika Bashay kabla yake. Kulikuwa na kijana aliyekuwa amekwisha kuleta posa kwa ajili yake. Wazazi wa kijana walisema hawawezi kupeleka mwizi kwenye boma lao. Bibi yako alimpiga. Aliniambia mwenyewe nilipokuja Pasaka, alisema, "Nimemfundisha." Nilikula chakula alichopika Emiliana, nikasema kimeiva vizuri. Wiki iliyofuata dada yangu aliondoka kwenda Babati bila kuaga, wakati Babati bado ni vumbi na stendi tu, akaanza kuosha vyombo kwa mama mmoja wa Kimbulu aliyekuwa anauza chakula. Hakuolewa. Alipanda kidogo kidogo mpaka leo ana mgahawa wake. Bibi yako alikufa akiamini kwamba alizaa mwizi. Nilikaa naye siku tatu za mwisho, nikimlowesha midomo kwa pamba, nikawa nasema moyoni sasa nitamwambia, sasa nitamwambia.

Siku ya maziko unaikumbuka? Nadhani unakumbuka kofi, hujui kofi lilitoka wapi. Emiliana alikuja, akakaa na akina mama jikoni, akaosha sufuria. Wewe ulikuwa unamzunguka, ulimpenda ghafla, alikuwa amekupa kipande cha muwa. Ukamuuliza kwa sauti yako ile kali, watu wote wakisikia, "Shangazi, ni kweli wewe uliiba chumvi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mzigo wa kuni. Emiliana alinitazama tena. Ilikuwa ni mara ya pili maishani mwetu, na macho yalikuwa yale yale. Nikaangusha kuni, nikakuvuta mkono, nikakupiga kofi mbele ya watu, nikakuambia huna adabu. Ulilia mpaka ukalala. Mama yako alinisifu kwa kukufundisha heshima kwa wakubwa.

Mtoto wa miaka sita aliuliza swali la haki, nikampiga ili nisilijibu mimi. Nisamehe kofi lile. Kwa miaka mingi nilikuwa mkali kwako kuliko kwa wadogo zako, hasa ulipouliza maswali, na umekua ukidhani una kasoro. Huna. Kila ulipofungua mdomo kuuliza, mimi nilisikia sauti ile ya jikoni.

Ulipopata nafasi ya chuo cha kompyuta, mama yako akasema jambo la kawaida kabisa: si ana shangazi Babati, akakae kwake. Nilikataa. Akaniuliza sababu, nikasema nyumba ni ndogo. Akasema umeiona lini? Nikapandisha sauti. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda unasikiliza, nikaona unajikunja, unadhani sitaki usome. Hilo ndilo lililonitoa mafichoni. Nikaona sasa uongo wangu unataka kula mtu wa pili.

Kwa hiyo ile siku niliyosema nakwenda Dongobesh kuangalia mbegu, nilikwenda Babati. Nilifika mchana, mgahawa umejaa. Emiliana amenenepa kidogo, amefunga kilemba, anawasimamia wasichana wawili. Aliponiona hakushtuka.

"Shikamoo, kaka," akasema, mbele ya wateja wake. Shikamoo! Mimi ndiye niliyepaswa kupiga magoti.

"Marahaba," nikasema.

Aliniletea ugali na maziwa mgando, akakaa mbele yangu kungoja nile.

"Emiliana, lile tangi la Katesh..."

"Kula kwanza."

"Siwezi kula. Ni mimi niliyechukua chumvi. Ni mimi sikusafisha."

"Kaka," akasema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, "unaniambia mimi? Mimi si nilikuwepo? Watu wote duniani unaoweza kuwaambia habari hii, umechagua yule ambaye anaijua."

Nilianza kulia pale pale mezani. Hakunizuia, wala hakunishika. Aliondoa nzi kwenye sahani kwa kitambaa. Baadaye akasema, "Mtoto atakuja. Chumba kipo, nilikitengeneza tangu mama yake aliponipigia simu. Lakini waambie wasiojua."

Basi nikaanzia Katesh. Mzee Ramadhani bado yuko hai, macho yamekwisha, anakaa kwenye baraza la duka ambalo sasa ni la watoto wake. Mashine ilitupwa zamani. Nilimwamkia, akatambua sauti, akafurahi, akanyoosha mkono kunitafuta. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama.

"Marehemu mke wangu alisema siku ile ile," akaniambia. "Alisema binti yule hana hatia, jioni ile ya jana yake yeye mwenyewe alikuwa amemtuma sokoni. Mimi nikamjibu, Bura hawezi kumzushia dada yake. Nikasema, ni mtu gani anaweza?" Akaurudisha mkono wake juu ya paja. "Nenda nyumbani, Bura. Leo usinipe mkono."

Halafu nikamwambia mama yako. Umeona siku hizi tatu anapakua chakula changu na kuondoka, ukaniuliza kama tumegombana. Hatujagombana. Aliniuliza swali moja, "Hata ile mifuko ya baba?" Nikasema, hata ile. Anawaza kwamba posa yake ilianza na kitu cha wizi, na kwamba mtu mwingine alilipia ndoa yake kwa kukosa ya kwake. Sijui atanirudia lini, na sina haki ya kumharakisha. Mwache, usimwombee msamaha kwa niaba yangu.

Jumapili baada ya misa nitawaambia ukoo. Wewe utakuwa umekwisha kuondoka, na nimetaka usilisikie kwao kwanza. Usinisifu kwa hilo mpaka usikie kwamba nimefanya, maana unajua sasa mimi ni mtu wa namna gani nikisema nimefanya jambo.

Ningependa kukupa shauri la mzazi hapa, na nimekaa nalitafuta. Sina la kukuambia juu ya ukweli ambalo hukulisikia kanisani. Ninachojua ni kidogo na ni cha kazi tu. Nilipokosa mara ya kwanza, marekebisho yake yalikuwa asubuhi moja na brashi. Kwa mzee ningetubu kwa aibu ya dakika tano. Kwa Mwanaidi ningeonekana mzembe, nikafukuzwa, nikarudi Bashay kulima, na huenda mama yako angenikataa. Yote hayo nilikuwa nayaweza. Niliyaogopa kana kwamba ni kifo, na yalikuwa ni mambo ya kawaida ambayo watu huyapitia kila siku wakaendelea kuishi. Ukikosea huko chuoni, au kazini baadaye, na utakosea, nakuomba ukumbuke kwamba mambo utakayoyaogopa yatakuwa madogo namna hiyo. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia. Au labda nilikuwa naye, alinifuata nyuma ya nyumba na mikono yenye povu la kijivu, nikamwambia afue.

Nasikia umemaliza kupanga, umefunga sanduku. Nitaweka barua hii ndani ya begi lako dogo, na kesho nikikusindikiza kwenye gari sitakuuliza kama umeiona. Isome njiani, kabla ya Babati.

Kuna neno moja la Emiliana sijakuandikia, na ndilo lililonifanya niandike kwa uwazi huu badala ya kuchagua maneno. Nilipokuwa natoka mgahawani alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza, "Mtoto akija, nimpe nini akuletee, mahindi, maharage, asali?" Akasema hataki kitu.

"Nitamuuliza jambo moja tu," akasema. "Nitamuuliza, baba yako amekuambia nini juu yangu? Nitanyamaza nimsikilize. Hapo ndipo nitajua kama nina kaka."

Kwa hiyo, Veronika, ukishuka kwenye gari mwamkie shangazi yako vizuri, mpokee mkono kwa mikono miwili. Akikuuliza, mwambie yote jinsi nilivyoandika. Usipunguze neno lolote kwa kunihurumia.

Baba yako,
Bura